Wati Tano: Historia ya Amplifaya Ndogo ya Vali na Ufundi wa Kuitafutia Sauti

Amplifaya ndogo ya vali ni kifaa cha gitaa la umeme chenye nguvu ya wati 5 hadi 15 hivi, spika moja, na vali chache za kioo zinazowaka rangi ya chungwa ndani ya sanduku la mbao. Ilitengenezwa hasa kwa ajili ya wanafunzi, na urahisi wa bei ndio uliokuwa sifa yake ya kwanza dukani. Walioiunda hawakukusudia ikwaruze wala ikorome. Walitaka itoe sauti safi kwa gharama ndogo, na pale iliposhindwa walihesabu kuwa ni kasoro ya kuvumiliwa kwa bei ile. Kasoro hiyo ndiyo wapigaji gitaa wamekuwa wakiisaka kwa zaidi ya miaka 70, mwanzoni kwa bahati, baadaye kwa ufundi unaofundishwa.

Vali yenyewe ni kongwe kuliko gitaa la umeme. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza ndani yake wavu mwembamba wa waya. Ndani ya chupa isiyo na hewa, kipande cha chuma kiitwacho kathodi hupashwa moto hadi elektroni zinachomoka na kukimbilia bamba lenye volti kubwa. Wavu wa de Forest umesimama njiani: volti ndogo inayofika kwenye wavu huruhusu au huzuia mkondo mkubwa unaopita. Hivyo mtetemo dhaifu wa uzi wa gitaa, ukishageuzwa kuwa umeme, unaweza kuamrisha nguvu ya kutosha kusukuma spika.

Uwezo huo una mpaka. Wimbi likiwa dogo, vali hulikuza bila kuliharibu umbo. Likizidi, vilele vyake havina pa kwenda, hukatwa. Ukataji wa vali huanza polepole. Kilele hubonyea kabla ya kukatika, na sikio husikia kwanza sauti ikinenepa, kisha ikianza kukwaruza. Katika amplifaya yenye vali moja tu ya mwisho, upande mmoja wa wimbi hubonyea kabla ya mwingine, na hilo huzaa kwa wingi toni iliyo oktavo moja juu ya ile iliyopigwa. Sikio halioni ugeni katika toni hiyo, maana ni noti ileile iliyopanda. Ndiyo sababu mkwaruzo wa kifaa cha wati 5 husikika kama sehemu ya gitaa, si kama uchafu uliomwagiwa juu yake.

Mwanzo wa amplifaya za gitaa uko Los Angeles, na gitaa lililozihitaji halikuwa la jazi wala la bluzi. Lilikuwa gitaa la Hawaii, lile la kulaza mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma. Muziki wa visiwa hivyo ulikuwa umeenea Marekani nzima tangu maonyesho ya San Francisco ya 1915, na sauti ya gitaa hilo ilikuwa inamezwa na ala nyingine. Mwaka 1932 kampuni ya Adolph Rickenbacker na George Beauchamp ilianza kuuza gitaa la Hawaii lenye kinasa mtetemo cha sumaku, pamoja na amplifaya yake. Gibson wakafuata katikati ya muongo huo kwa gitaa na amplifaya za jina EH-150. Mwaka 1936 wakatoa gitaa la kukumbatia, ES-150, ambalo Charlie Christian alilipigia katika kundi la Benny Goodman kuanzia 1939. Christian alifariki 1942 akiwa na umri wa miaka 25, lakini rekodi zake za miaka hiyo michache zilitosha kuonyesha kwamba gitaa kupitia vali linaweza kushika nafasi ya saksofoni. Sauti yake ni safi, ila noti zinapopigwa kwa nguvu huwa na ukungu kidogo pembeni, na ukungu huo si wa gitaa peke yake.

Ndani, amplifaya hizo zilikuwa redio zisizo na stesheni. Vali zake zilikuwa zilezile za redio za mezani, transfoma zilezile, spika zilezile. Mwaka 1936 kampuni ya RCA ilitoa vali ya nguvu iitwayo 6L6, na haikupita muda ikafuata mdogo wake, 6V6, iliyokusudiwa redio za nyumbani na za magari. Karibu kila amplifaya ndogo ya Kimarekani yenye jina ilisimama juu ya 6V6. Haikuchaguliwa kwa uzuri wa sauti. Ilikuwa rahisi, ilipatikana kila mahali, na fundi yeyote wa redio alijua namna ya kuitumia.

Leo Fender alikuwa fundi wa aina hiyo. Alizaliwa 1909 karibu na Anaheim, California, akasomea uhasibu, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Hakuwahi kujua kupiga gitaa. Wanamuziki walimletea amplifaya zilizoharibika, na kwa kuzifungua moja baada ya nyingine alijifunza zinafia wapi. Mwaka 1945 alishirikiana na Doc Kauffman kutengeneza magitaa ya Hawaii na amplifaya zake, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Mizunguko ya umeme aliyotumia haikuwa uvumbuzi mkubwa. Mingi ilifanana na mifano iliyochapishwa na watengenezaji wa vali ili kuwavutia wateja. Alichokileta ni tabia ya fundi: vipuri vilipangwa kwenye ubao mmoja mahali panapofikika, na karatasi ya orodha ya vali ikabandikwa ndani ya sanduku, ili kazi ya kutengeneza isiwe ya kubahatisha.

Mwaka 1948 Fender alitoa amplifaya ya wanafunzi wa gitaa la Hawaii, Champion 800, na mwaka uliofuata Champion 600. Tarakimu zilitokana na upana wa spika: inchi 8, kisha inchi 6. Katika miaka ya 1950 jina lilifupishwa kuwa Champ, sanduku likavikwa kitambaa cha masanduku ya safari kilichoitwa twidi, spika ikarudi kuwa ya inchi 8. Toleo linalojulikana kwa namba ya mchoro wake, 5F1, lina vali tatu tu: 12AX7 ya kuanzia, 6V6 moja ya kusukuma spika, na 5Y3 ya kunyoosha umeme wa ukutani. Nguvu yake ni wati 5 hivi. Kwa upande wa kurekebisha sauti lina kitufe kimoja cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza sauti. Hakuna besi, hakuna trebo, hakuna toni.

Kaka yake, Deluxe, alikuwa na 6V6 mbili, spika ya inchi 12 na nguvu isiyofika wati 15. Mchoro wake wa 1955 hadi 1960, uitwao 5E3, unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndio uliotoa sura ya ufundi wa kutafuta sauti kuliko mwingine wowote. Una njia mbili, moja ya maikrofoni na moja ya ala, kila moja na kitufe chake cha sauti, na kitufe kimoja cha toni cha kuhudumia zote. Kwa kuwa njia hizo zinakutana bila kitu cha kuzitenganisha, kila kitufe kinaingilia kingine. Mtu akichomeka gitaa kwenye njia ya ala kisha akazungusha kitufe cha njia ya maikrofoni, ambayo haina kitu, sauti ya gitaa hubadilika: hupungua ukali, au hupungua besi, au huanza kukwaruza mapema. Hakuna ushahidi kwamba Fender alilikusudia jambo hilo. Ni matokeo ya kuepuka gharama ya vipuri viwili au vitatu. Lakini kwa anayekijua kifaa, vitufe vitatu vinakuwa kama sita, na namna ya kuvilinganisha imekuwa elimu inayopokezanwa.

Mwaka 1951 kasoro ikaingia kwenye rekodi. Mwezi Machi kundi la Ike Turner lilisafiri kutoka Mississippi hadi Memphis kurekodi katika studio ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa wao, Willie Kizart, iliharibika. Masimulizi yanatofautiana kama ilianguka kutoka garini au ililowa mvua, ila yanakubaliana kwamba koni ya spika ilikuwa na hitilafu. Phillips hakuahirisha kazi. Karatasi ilisokomezwa ndani kuishikilia koni, na mlio uliotoka, mzito wenye mvumo kama wa nyigu, ukawekwa mbele katika wimbo “Rocket 88”, uliouzwa kwa jina la Jackie Brenston. Fundi mitambo mwingine angelificha gitaa lile nyuma ya saksofoni.

Chicago ilikuwa na njia yake. Weusi waliohama kutoka Kusini walileta bluzi kwenye baa zenye kelele, ambako amplifaya ndogo ililazimika kufunguliwa hadi mwisho ili isikike tu. Little Walter, aliyepiga kinanda cha mdomo, alikikumbatia pamoja na maikrofoni ya bei ndogo na kuipitisha kwenye amplifaya; wimbo wake “Juke” wa 1952 ulionyesha kwamba hata ala isiyo na nyuzi inaweza kuazima unene wa vali. Memphis, mwaka 1954, Pat Hare alipiga gitaa lenye mkwaruzo wa wazi katika “Cotton Crop Blues” ya James Cotton, miaka mingi kabla ya mkwaruzo kuwa mtindo wa vijana wa Uingereza. Mpiga gitaa Link Wray, kwa ajili ya “Rumble” ya 1958, alitoboa spika kwa makusudi. Kutoka ajali ya Memphis hadi tobo la Wray ni miaka saba. Ndani ya muda huo hitilafu iligeuka kuwa uamuzi.

Wapigaji wa zama hizo walipataje sauti waliyoitaka kwenye kifaa chenye kitufe kimoja? Jibu ni kwamba kitufe cha amplifaya hakikuwa cha pekee. Gitaa lenyewe lina vitufe vyake vya sauti na toni. Desturi iliyojengeka ni kufungua amplifaya hadi pale inapoanza kuvunjika, kisha kuiongoza kutoka kwenye gitaa: kitufe cha gitaa kikirudishwa nyuma, sauti inasafika kwa ajili ya kusindikiza mwimbaji, kikifunguliwa chote, inakoroma kwa ajili ya solo. Nguvu ya vidole hufanya kazi hiyohiyo kwa hatua ndogo zaidi. Vali ya kunyoosha umeme nayo huchangia. Mkono ukipiga kwa nguvu, volti ya ndani hushuka kwa kitambo kisha hupanda tena, kwa hiyo mwanzo wa noti hubanwa na mkia wake hubaki hewani. Mpigaji husikia hilo kama ulaini chini ya vidole. Haliandikwi kwenye kitufe chochote.

Kulikuwa pia na matundu mawili ya kuchomekea waya. La pili hupunguza nguvu ya gitaa kwa karibu nusu, na liliwekwa kwa ajili ya ala zenye mlio mkubwa. Wapigaji waliligeuza kuwa njia ya kupata sauti safi bila kugusa kitu kingine. Waliojua kufungua sanduku walibadilisha vali. 12AX7 hukuza kwa kipimo cha 100, ilhali 12AY7, iliyokuja kiwandani kwenye baadhi ya Fender za twidi, hukuza kwa kiasi kisichofika nusu ya hicho. Kuweka moja mahali pa nyingine huchukua nusu dakika, na hubadili mahali mkwaruzo unapoanzia. Kazi nyingine yoyote ya ndani ni ya fundi, maana kapasita za kifaa hiki, vipuri vinavyohifadhi umeme, hushika volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Baadhi ya amplifaya za bei ya chini kabisa ziliachana hata na transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na chombo, kama redio nyingi za mezani za Marekani, na zimewarusha watu wengi kwa shoti.

Vitufe vya besi na trebo vilifika Champ mwaka 1964, sanduku lilipokwishavaa sura nyeusi. Hapo likaanza kosa ambalo bado linaendelea: kudhani kwamba kitufe kikiwa katikati sauti inapita bila kuguswa. Mizunguko ya toni ya amplifaya hizi haiongezi chochote, inapunguza tu, na vitufe vyake vinategemeana. Ile ya Fender hukwangua sauti za kati hata vyote vikiwa namba 5. Anayetaka sauti iliyojaa hulazimika kupunguza besi na trebo hadi chini sana, kisha kufidia kwa kitufe cha sauti. Upunguzaji wa besi una sababu nyingine pia. Noti nene ndizo zinazokula nguvu nyingi zaidi, na spika ya inchi 8 ikilishwa besi kupita kiasi hupapatika na kufunika kila kitu. Ndiyo maana mafundi mitambo wenye uzoefu huanza na besi karibu na sifuri, halafu huirudisha kidogokidogo.

Uingereza ilijifunza kwa kukosa. Hadi 1959 uingizaji wa ala za Kimarekani ulizuiwa, na vijana waliozisikia kwenye santuri walilazimika kutumia za nyumbani. Huko Dartford, Dick Denney alibuni kwa ajili ya kampuni ya Tom Jennings amplifaya ya Vox AC15, iliyotoka 1958. Ilitumia vali mbili za Kizungu, EL84, ambazo ni nyembamba, zina mlio mkali wa juu, na huvunjika kwa namna ya kung’aa kuliko 6V6. Kundi la The Shadows liliipenda, kisha likaomba kubwa zaidi kwa sababu kelele za mashabiki zilikuwa zinaifunika. Hivyo ikazaliwa AC30. Amplifaya ndogo kabisa ilipata nafasi yake 1964, pale Dave Davies wa The Kinks alipoichana kwa wembe spika ya kijisanduku cha Elpico na kukipitisha kwenye Vox kwa ajili ya “You Really Got Me”.

Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la ala Hanwell, magharibi mwa London, pamoja na mafundi wake walichukua Bassman ya Fender kama mfano, na kuanzia 1962 wakajenga JTM45 kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza. Kutoka hapo mashindano ya ukubwa yalikwenda kasi. Mpiga gitaa Pete Townshend alitaka wati 100 na akapewa. Agosti 1965 The Beatles walipiga mbele ya watu zaidi ya 55,000 katika uwanja wa Shea, New York, na amplifaya zao za wati 100 hazikusikika. Hesabu ya nguvu na sauti ni ya kukatisha tamaa: kuongeza nguvu mara kumi, kutoka wati 5 hadi 50, husikika kama sauti iliyoongezeka mara mbili tu. Kilichotatua tatizo la viwanja hakikuwa amplifaya kubwa. Ni mitambo mikubwa ya ukumbi iliyokua mwishoni mwa miaka ya 1960, na maikrofoni zilizowekwa mbele ya kila spika. Tangu hapo amplifaya ndogo ingeweza kutosha hata jukwaani, ingawa ilichukua miaka mingi kabla wapigaji wa roki kukubali kuonekana nayo.

Studio haikuwa na aibu hiyo. Mwaka 1970, Miami, wapigaji gitaa Eric Clapton na Duane Allman walirekodi albamu ya “Layla” kwa kutumia Champ. Nyimbo ambazo wasikilizaji walidhani zimetoka kwenye mnara wa spika zilitoka kwenye sanduku la mwanafunzi. Magitaa mengi ya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka 1969, yanahusishwa na amplifaya ndogo ya Supro. Siri iko kwenye maikrofoni. Maikrofoni haijui ukubwa wa sanduku. Inajua umbali, na inajua sehemu ya koni inayoelekezewa: katikati ya koni kuna ukali, ukingoni kuna giza na joto, na hatua moja ya kurudi nyuma huingiza chumba chenyewe kwenye rekodi. Amplifaya ndogo inaweza kusukumwa hadi mwisho bila kuizidi maikrofoni wala kuingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, jambo lisilowezekana kwa wati 100 katika chumba hichohicho.

Aliyeupeleka ufundi wa kutumia amplifaya ndogo mbali kuliko wengine ni mwanamuziki Neil Young. Deluxe yake ya 1959 amekuwa nayo tangu miaka ya 1960, na kwa kuwa sauti anazozitaka ziko katika mahali mbalimbali pa vitufe vile vinavyoingiliana, alitengenezewa kijimashine kinachokaa juu ya amplifaya na kuvizungusha kwa injini ndogo anapokanyaga swichi sakafuni. Ni njia ya kuzunguka. Ila kama angeongeza kifaa chochote cha kielektroniki katikati, angebadilisha sauti anayoilinda.

Mkwaruzo haukuwa ndiyo “sauti nzuri” kila mahali. Bill Alexandre, mpiga gitaa Mbelgiji, anatajwa kuwa ndiye aliyepeleka gitaa la umeme Léopoldville, Kongo, mwaka 1953 alipokwenda kufanya kazi na studio ya CEFA, na vijana wa huko, akiwamo Tino Baroza, walijifunza kwake. Rumba ya Kongo na muziki wa dansi wa Tanganyika na Kenya vilikua juu ya magitaa mawili au matatu yanayosukana, solo, rithim na lile la kati, pamoja na besi. Hapo vali iliyovunjika ni adui. Noti mbili zikikatwa pamoja ndani ya vali moja, huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, zitokanazo na jumla na tofauti ya mitetemo yao. Kwa noti zilizo umbali wa tano kamili, kama wapigavyo watu wa roki, noti hizo za ziada huangukia mahali pazuri. Kwa zile za umbali wa tatu na sita, ambazo ndizo chakula cha solo ya rumba, huwa tope. Kwa hiyo mpigaji wa dansi alikirekebisha kifaa kwa kufuata njia iliyo kinyume na ya mwenzake wa Memphis: amplifaya yenye akiba ya nguvu, besi kidogo, trebo ya kutosha, na kidole chepesi. Katika Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 jambo hilo lilikuwa na upande wa kiutawala pia. Bendi nyingi zilimilikiwa na vyama, mashirika na idara, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mpigaji aliyehama bendi aliiacha amplifaya aliyoizoea kwa atakayemrithi.

Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell mwaka 1947, ilitarajiwa kuizika vali. Mwaka 1965 Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, na mwaka uliofuata wamiliki wapya wakaleta amplifaya za transista zilizoharibika ovyo na kuchukiwa. Lakini kwa wapigaji waliobaki na vali tatizo lilikuwa jingine: namna ya kupata mvunjiko wa sauti bila kuwafukuza majirani. Karibu na 1970, Randall Smith, fundi wa California, alichukua Fender Princeton, amplifaya ndogo ya 6V6 mbili, akaipachika nguvu ya amplifaya kubwa na spika ya inchi 12; Carlos Santana aliijaribu na kuisifu, na kampuni ya Mesa/Boogie ikakua kutoka hapo. Smith aliongeza hatua za kukuza sauti mwanzoni na kitufe kikuu cha kuibana mwishoni. Marshall walifanya hivyo katikati ya miaka ya 1970. Mbinu hii huvunja vali za mwanzo na kuziacha za mwisho zikipumzika, na mlio wake ni mwembamba na wa kuchoma zaidi. Eddie Van Halen, katika albamu ya 1978, alipita njia nyingine, akashusha volti zinazoingia kwenye Marshall yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tom Scholz wa kundi la Boston aliuza kifaa cha kukaa kati ya amplifaya na spika na kuigeuza nguvu ya ziada kuwa joto.

Hakuna hata moja ya mbinu hizo iliyorudisha sauti yote, na sehemu ya sababu iko kwenye sikio. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sauti inapopungua, binadamu husikia besi na trebo hafifu kuliko sauti za kati. Amplifaya iliyorekebishwa vizuri kwa sauti ya chumbani huchoma masikio ukumbini, na iliyorekebishwa ukumbini husikika imeziba nyumbani. Vitufe hurekebishwa upya kila sauti inapobadilika, hata kwa mtu aliyemiliki kifaa hicho miaka 30.

Wakati huohuo vali zenyewe zilikuwa zinatoweka. RCA ilifunga kiwanda chake cha Harrison, New Jersey, mwaka 1976, na viwanda vya Uingereza na Ulaya Magharibi vikafuata. Waliobaki walikuwa wa nchi za kikomunisti, ambako majeshi na redio za nyumbani zilizihitaji kwa muda mrefu zaidi. Baada ya 1990 biashara hiyo ilitulia katika nchi tatu: Urusi, hasa kiwanda cha Saratov kilichonunuliwa na Mmarekani Mike Matthews, Slovakia, kwa JJ Electronic ya Čadca, na China. Wateja wao wakubwa sasa ni wapiga gitaa na wapenzi wa santuri. Juu ya msingi huo amplifaya ndogo zilirudi madukani: Fender Blues Junior ya wati 15 mwaka 1995, yenye EL84 za Kizungu ndani ya sanduku la Kimarekani, na katikati ya muongo wa 2000 Epiphone Valve Junior ya wati 5, iliyotengenezwa China kwa bei ya gitaa la mwanafunzi, yenye vali mbili na kitufe kimoja. Mafundi wa nyumbani waliinunua ili waibadilishe: spika kwanza, kisha transfoma, kisha kapasita moja baada ya nyingine, hadi wengine wakabaki na sanduku tu la asili.

Machi 2022 Urusi ilisimamisha kuuza nje bidhaa kadhaa, vali zikiwamo, na bei ya 12AX7 ikapanda kabla usafirishaji haujaruhusiwa tena. Kwa mwenye Champ, inayohitaji vali tatu na kuzitumia kwa miaka, hasara ilikuwa ndogo kuliko kwa mwenye amplifaya ya wati 100, ambaye hununua vali za nguvu nne kwa mpigo, tena zilizopimwa na kulinganishwa. Champ ina moja ya nguvu, na haina ya kulinganishwa nayo.